Mbolea isivuke mpaka bila namba zake

Mche wa bugenvilia ukinunuliwa Kabanga, Tanzania, ukapita Kobero na Muyinga hadi Gishubi, mkoani Gitega, mnunuzi anakuwa amelipia maua. Miezi inapita, mche unanenepa, majani yanang'aa, ua halionekani. Lawama humwangukia mchuuzi: eti ameuza mche dume. Mara nyingi kosa liko kwenye kopo la yurea.

Nitrojeni ndiyo inayojenga majani na matawi. Ikipungua, mmea hudumaa na majani ya chini hutangulia kuwa ya manjano. Ikizidi, mmea huendelea kutoa majani tu, maua huchelewa au huwa machache, na machipukizi yake laini huwa chakula cha vidukari. Waridi huhitaji mbolea ya kutosha. Bugenvilia ni kinyume chake, ukiidekeza haichanui.

Haya yote mtu angeweza kuyakisia kwa kusoma mfuko. Yurea ni 46-0-0, maana yake karibu nusu ya uzito wake ni nitrojeni, bila fosforasi wala potasiamu. DAP ni 18-46-0. NPK ya 17-17-17 imegawa virutubisho sawa kwa sawa. Lakini mfuko wa kilo 50 ukishafunguliwa sokoni na kupimwa kwa kopo, namba hubaki kwenye mfuko mtupu. Mnunuzi anaondoka na chembe nyeupe zisizo na jina. Kijiko kimoja cha chai cha yurea katika lita 10 za maji kinatosha kumwagilia miche ya vyungu; konzi moja shinani huunguza mizizi. Nani atamwambia?

Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambayo Burundi ilijiunga nayo mwaka 2007, haitozi mbolea ushuru wa forodha. Ni jambo jema, ila unafuu huo unaishia kwenye mfuko mkubwa. Wadhibiti wa mbolea wa Tanzania na wenzao wa Burundi wanapaswa kukubaliana kwamba hata kifurushi cha kilo moja kiwe na jina na namba tatu, kwa Kiswahili na Kirundi.

Wachuuzi hawana haja ya kusubiri kikao hicho. Kalamu ya wino mzito inatosha kuandika "Yurea, 46-0-0" juu ya kifurushi, na anayeuza miche aeleze alikuwa akiipa mbolea gani kabla haijavuka Kobero.