Kompyuta iliyopoteza uso haijafa: mafundi waache kufuta vitu vya watu

Tabia ya kufuta kompyuta nzima kila mara skrini inapokuwa nyeusi inapashwa kukoma. Inaharibu mali ya watu, na wanaoumia zaidi ni familia zilizokimbia vita. Karatasi zao zilibaki kijijini au ziliungua. Wengine wamebaki tu na picha za kadi ya uchaguzi, diploma za watoto na hati ya shamba, zote ndani ya kompyuta moja ya zamani.

Shida yenyewe inajulikana. Kompyuta za zamani mara nyingi huwekewa Linux, kama vile Ubuntu, kwa sababu hailipiwi. Mwenye mashine anaona inakwenda polepole. Anaamua kuondoa GNOME, yaani programu inayoleta madirisha na vipicha kwenye skrini, ili aweke nyingine nyepesi. Anaandika amri ya kuondoa, kisha anaongeza `sudo apt autoremove`, nayo inabeba hata vitu ambavyo hakukusudia. Akiwasha tena, anakuta skrini nyeusi na maandishi meupe yanayomuuliza jina. Fundi anaitazama dakika moja na kusema: imekufa, tunaformati.

Si kweli. Kompyuta inayouliza jina la mtu iko hai. Kilichoondoka ni uso wake tu. Picha na barua ziko ndani ya `/home`, na amri ya kuondoa programu haigusi mahali hapo. Anayezipoteza ni yule anayefuta diski.

Dawa haihitaji shahada. Kama skrini haionyeshi kitu, mtu abonyeze Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Aandike jina lake, kisha neno la siri. Herufi za neno la siri hazitaonekana, asiogope. Aunganishe intaneti, hata ya simu kwa kamba ya USB, halafu aandike amri hizi moja moja:

`sudo apt update`
`sudo dpkg --configure -a`
`sudo apt install ubuntu-desktop`
`sudo reboot`

Akitaka kujua kilichoondolewa, asome `/var/log/apt/history.log`. Humo mna majina ya programu, siku na saa. Fundi anayetangaza kifo bila kusoma faili hiyo ni sawa na muuguzi anayemfunika mgonjwa shuka bila kumshika mapigo.

Mafundi wanajibu kwamba mega ni bei kali na programu hizo ni nzito. Hapo wana haki. Lakini kutoa picha za mteja hakuhitaji hata mega moja. Kompyuta inawashwa kwa flashi yenye Ubuntu, diski inafunguliwa, faili zinanakiliwa kwenye flashi nyingine. Baada ya hapo, kama lazima kufuta, wafute.

Wengine wanamlaumu mwenye mashine: ni ujinga wake. Mwezi wa Novemba 2021, Linus Sebastian wa Kanada, anayejulikana sana kwa video zake za kompyuta, alionekana akijaribu kuweka Steam, programu ya michezo, kwenye Linux iitwayo Pop!_OS. Mashine ilimwonya, ikamtaka aandike sentensi ya kukubali. Akaiandika, na madirisha yote yakapotea. Kosa lilikuwa pia kwenye programu zenyewe, na watengenezaji wa apt waliibadilisha ili isikubali tena kirahisi hivyo. Kama mtu wa kazi hiyo alianguka, mama aliye kambini anaitwaje mjinga?

Kinachoombwa ni kidogo. Apt huonyesha orodha ya vitu itakavyoondoa kabla ya kuuliza. Mwenye mashine aisome yote, na akiona jina asilolielewa ajibu hapana. Mashirika yanayogawa kompyuta kwa mashule na makundi ya vijana yaache pia flashi moja ya Ubuntu na mtu aliyefundishwa kuitumia. Naye fundi asiguse diski kabla mteja hajaona picha zake zimetolewa. Akikataa, mteja abebe mashine yake arudi nayo. Inaweza kungoja fundi mwingine hata miezi, na vitu vilivyo ndani havitaoza.