Kaburi la Jirani na Vita vya Mbali



Hapa Lipangalala kuna wazee wawili ambao mashamba yao ya mpunga yanapakana. Mmoja ni Mkatoliki, kiongozi wa jumuiya ndogondogo; mwenzake ni Mwislamu. Kwa miaka mingi wamekodi pawatila pamoja, na mvua ikichelewa wamelalamika pamoja. Mwaka jana walikosana. Hawakugombea mpaka wala maji. Waligombana katika kundi la WhatsApp la mtaa, kuhusu Gaza.

Mmoja aliandika kwamba Israeli ni taifa la Mungu, na anayelipinga anampinga Mungu. Mwenzake akajibu kwa picha za watoto waliokufa na maneno ya kuwalaani Wayahudi wote. Kwa siku tatu walijibizana, vijana wakishangilia kila upande kama siku ya Simba na Yanga. Miezi michache baadaye mama mzazi wa yule Mwislamu akafariki. Jirani yake hakwenda kuchimba kaburi. Yule mzee aliponisimulia alisema maneno machache tu: "Padre, vita ile sikuianzisha mimi. Na mama yangu ndiye aliyemsaidia mke wake kujifungua mtoto wa kwanza." Wote wawili wameniruhusu kuyaandika haya, ila majina nimeyaacha.

Katika Injili ya Luka, sura ya 13, watu walimletea Yesu habari ya mauaji. Pilato alikuwa amewaua Wagalilaya waliokuwa wakitoa sadaka. Ilikuwa habari moto ya siku hiyo, na waliomletea huenda walitaka kujua atasimama upande gani. Yesu hakuwapa walichotaka. Aliwauliza kama wanadhani waliouawa walikuwa wenye dhambi kuliko wengine, akawaambia watubu. Akawaongezea na habari ya watu kumi na wanane walioangukiwa na mnara kule Siloamu. Hakuwaruhusu wasikilizaji wake wavitumie vifo vya wengine kujihesabia haki.

Wahenga walisema aliye kando haangukiwi na mti. Nasi tulidhani tuko kando. Tarehe 7 Oktoba 2023 Hamas walipovamia Israeli, waliuawa watu wapatao 1,200 na wengine 251 wakachukuliwa mateka. Miongoni mwa waliouawa walikuwamo vijana wetu wawili wa Kitanzania. Clemence Felix Mtenga, miaka 22, wa Rombo, alikuwa amesoma Chuo Kikuu cha Sokoine, katika mkoa wetu huu wa Morogoro. Joshua Loitu Mollel, miaka 21, alitoka Simanjiro, na alikuwa hajamaliza hata mwezi mmoja tangu afike. Walikwenda kujifunza kilimo. Hawakuwa wanajeshi wala wanasiasa. Walikuwa kama vijana wetu wa bonde hili wanaotaka kujua namna ya kupata gunia nyingi zaidi katika ekari moja.

Kifo cha Joshua kilirekodiwa, na video yake ikasambazwa mitandaoni. Mwili wake ulibaki Gaza kwa miaka miwili, hadi uliporudishwa Novemba 2025. Muda wote huo wazazi wake walikuwa hawana kaburi la kuwekea maua. Na huku nyumbani tulikuwa na watu waliokuwa wakitumia bando zao kubishana kama vijana hao walistahili kufa au hawakustahili.

Kule Gaza nako, kwa takwimu za wizara ya afya ya huko, wameuawa watu zaidi ya 60,000, wakiwamo wanawake na watoto wengi. Na wapo Wakristo. Ipo parokia moja tu ya Kikatoliki Gaza, ya Familia Takatifu, ambayo Papa Fransisko aliipigia simu karibu kila jioni hadi siku zake za mwisho. Tarehe 17 Julai 2025 kanisa hilo lilipigwa na kombora la Israeli. Watu watatu wakafa, na paroko wao akajeruhiwa. Waamini wale husali kwa Kiarabu. Anayesema kila Mkristo lazima ashangilie mabomu yale, atawaambia nini ndugu zetu wale?

Nakiri kosa langu pia. Mwanzoni mwa vita niliwatumia mapadre wenzangu picha ya mtoto aliyefukiwa na kifusi, nikaandika chini yake maneno makali. Katekista wangu, kijana mdogo, akanijia kwa adabu: "Baba, picha hii ni ya Syria, ya miaka mingi iliyopita." Mtoto yule alistahili machozi yangu. Mimi nilimfanya fimbo ya kumchapia mtu.

Kwa hiyo niseme wazi, maana wengine wamechanganyikiwa. Israeli tunayoitaja katika Zaburi si sawa na serikali inayokaa madarakani leo. Serikali hiyo, kama serikali yoyote, inaweza kutenda haki na inaweza kutenda dhambi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko Nostra Aetate la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba Wayahudi wote hawawezi kulaumiwa kwa mateso ya Kristo, na ukatutaka tuwaheshimu Waislamu. Vatikano ina uhusiano wa kibalozi na Israeli, na inaitambua pia dola ya Palestina. Nchi yetu ilivunja uhusiano na Israeli mwaka 1973, ikaurudisha mwaka 1995, na haijaacha kuwatetea Wapalestina. Kumbe inawezekana kuwatakia mema watu wa pande mbili bila kuwa mnafiki.

Sisemi tunyamaze. Kumuua mtu asiye na silaha ni dhambi, awe amelala kitandani mwake Nir Oz au amejihifadhi kanisani Gaza. Tulitamke hilo kwa pande zote mbili kwa sauti moja. Anayelitamka kwa upande mmoja tu anahesabu maiti za timu yake.

Naomba jambo moja kwa wenye simu. Kabla hujasambaza picha ya maiti, jiulize: huyu ni mtoto wa nani, na maneno haya ningeweza kuyasema nikiwa nimeketi kwenye mkeka wa msiba, mbele ya mama yake? Kama huwezi, futa, kisha usali Baba Yetu moja kwa ajili ya marehemu huyo.

Yule kiongozi wa jumuiya alikuja kwangu baada ya Misa, akaniuliza afanye nini, maana kaburi limekwisha kufukiwa. Nikamjibu kwamba kuchimba hakuwezekani tena, lakini pole haina tarehe ya mwisho. Aende, avue viatu mlangoni, akae chini, aseme amekosa. Hadi ninapoandika bado hajakwenda. Anasema anaona aibu. Nawaomba tumwombee aibu hiyo imfikishe mlangoni kwa jirani yake. Na kama nawe una mlango uliouacha kwa sababu ya vita vya mbali, leo ni siku nzuri ya kubisha hodi.

Dominika njema.