Tumwandikie Riwaya Mtunzi wa Lindi

Toleo hili linahusu riwaya za maisha ya waandishi, na rai yetu ni kwamba pwani ya kusini, kuanzia Kilwa hadi mdomo wa Ruvuma, inaye mtu anayestahili riwaya ya namna hiyo: Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, mtunzi wa Utenzi wa Vita vya Majimaji. Utenzi wake ulichapishwa Ujerumani mwaka 1933, W. H. Whiteley akaufasiri kwa Kiingereza mwaka 1957, na wanahistoria wameutumia kujua nani alipigana wapi. Aliyeutunga wamempita. Ni nadra mtu kuuliza ilikuwaje mja akae chini apange mizani nane nane kuhusu vita vilivyounguza vijiji vya jirani zake.

Mwenye shaka atasema kumbukumbu za maisha yake ni haba mno, riwaya itakuwa uongo mtupu. Jibu liko huku huku kusini. Ebrahim Hussein alipotoa tamthilia ya Kinjeketile, inayohusu vita hivyo hivyo, mwaka 1969, alieleza katika utangulizi kwamba mhusika wake si yule wa historia bali amefinyangwa na mwandishi kwa mahitaji ya sanaa. Msomaji hakudanganywa, kwa kuwa aliambiwa mapema. Riwaya ya Abdul Karim ifuate sharti hilo, nasi tunaongeza la pili: lililothibitika lisipindwe. Na yaliyothibitika si machache. Misheni za Nyangao na Masasi zilishambuliwa mwaka 1905. Chifu Matola wa Newala hakujiunga na wapiganaji. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alipita Masasi, Newala na Mahuta mwaka 1906, akaandika aliyoyaona.

Pingamizi zito zaidi ni hofu kwamba mtunzi atageuzwa ama shujaa ama kibaraka. Hofu hiyo ina haki. Maakida wengi wa Wajerumani walikuwa watu wa pwani, na wanyonge wa bara waliwachukia. Msomi wa Lindi aliishi katikati ya chuki hiyo. Lakini hapo ndipo tunapoihitaji riwaya, sio kesi: inaweza kumwonyesha akimhurumia jirani usiku na kumwogopa bwana wa boma asubuhi, bila kumlazimisha kuchagua ili sisi turidhike. Tunawaomba waandishi wa Lindi, Mikindani na Msimbati waanzie kwa wazee waliopokea habari za vita hivyo kutoka kwa babu zao, kisha ndipo wazifungue nyaraka za Wajerumani.