Neno «Sawa» Halitoshi

Ndugu mfanyakazi, na wewe mama unayesoma ukurasa huu pamoja na watoto,

Likizo yangu niliipitisha nyumbani Basoko, pale mto Aruwimi unapoingia katika mto mkubwa wa Kongo. Jioni moja mjomba wangu aliniuliza: «Mwanangu, ni kweli kwamba siku hizi ninyi watu wa mgodi mnakaa juu kwenye kiti, na mashine inashuka kuchimba peke yake?» Nikamjibu kwamba sehemu nyingine ni kweli. Akacheka. «Basi hiyo si kazi tena, huo ni mchezo.»

Sikukasirika. Mjomba alisema wazi jambo ambalo wengi wetu tunaliwaza kimyakimya. Tunafikiri kwamba mtu akiwa mbali na mashine, hatari pia iko mbali. Mimi nasema sivyo. Hatari imehama tu. Na mahali ilipohamia ni katika maneno tunayoambiana.

Tuangalie kwanza jinsi mambo yalivyo. Katika mkoa wa Haut-Uele, mgodi wa dhahabu wa Kibali ulianza kutoa dhahabu mwaka 2013. Chini ya ardhi, kwa kina cha mamia ya mita, mashine za kuchota mawe zinakwenda na kurudi bila dereva juu yake. Zinachota, zinapeleka mawe kwenye mtambo wa kuyaponda, kisha mawe yanapandishwa juu kwa kisima. Mwendeshaji ameketi juu ya ardhi mbele ya vioo, na mtu mmoja anaweza kuangalia mashine zaidi ya moja. Ulaya na Australia wamekwenda mbali zaidi. Katika mji wa Perth, tangu mwaka 2010, kampuni ya Rio Tinto ina nyumba moja ya kuongozea migodi yake ya chuma iliyo mbali kwa kilomita 1,500 hivi. Ni kama mtu aketi Kinshasa na kuongoza kazi iliyo karibu na Basoko.

Kazi hii ina faida kubwa, wala tusiikatae. Dereva wa zamani alikaa katikati ya vumbi, joto, moshi na kelele. Jiwe likianguka, lilimwangukia yeye. Leo likianguka linavunja chuma, na chuma hununuliwa tena. Baba wa watoto hanunuliwi.

Lakini, ndugu yangu, mashine inaharibika. Bomba linapasuka, gurudumu linatoboka, taa inazimika. Nani atakwenda kuitengeneza? Si yule wa kwenye kiti. Ni fundi, kwa miguu yake, ndani ya njia ambamo mashine haina macho ya mtu.

Mimi ni fundi. Nitakueleza yaliyonipata miaka kadhaa iliyopita, katika mgodi ambao sitautaja jina. Mashine mbili zilikuwa zikifanya kazi katika njia moja, na mwendeshaji mmoja juu. Ya pili ilikuwa inavuja mafuta. Nilifika langoni, nikashika redio, nikasema: «Simamisha mbili.» Redio ilikuwa inakwaruza. Mwenzangu juu akasikia: «Imesimama mbili.» Akatazama kioo chake, akaona kweli mashine ya pili imetulia, kwa sababu ilikuwa inangoja zamu yake ya kupita. Akanijibu: «Sawa.»

Kwangu mimi, «sawa» ilikuwa na maana kwamba ameisimamisha. Kwake yeye, ilikuwa na maana kwamba amesikia habari yangu. Neno moja, watu wawili, maana mbili. Nikafungua lango na kuingia.

Kilichoniokoa ni ule mwanga uliowekwa langoni. Mtu akiukata, mashine zote za ndani zinasimama mara moja. Mashine ya pili ilikuwa imekwisha anza kuja. Niliziona taa zake, nikamsikia mwenzangu akipiga kelele katika redio, kisha kimya. Magoti yangu yalitetemeka mpaka nikaketi chini.

Siku ile mwanga ulifanya kazi yake. Mimi na mwenzangu hatukufanya yetu. Na je, kama mwanga ungekuwa umeharibika siku ile?

Hadithi hii nilimsimulia mjomba pale Basoko. Hakucheka tena. Akaniuliza: «Ninyi hamkujifunza lokole?»

Ninyi wa Basoko, Isangi na Kisangani mnaijua lokole, ule mti uliochimbwa tumbo na kuachiwa mdomo mrefu. Ina sauti mbili tu, ya juu na ya chini. Kwa sauti mbili, maneno mengi yanafanana. Kwa hiyo wazee hawakupiga neno moja likaachwa. Walilifuatisha na maneno mengine yanayojulikana, wakalirudia, hata msikilizaji wa kijiji cha mbali asiweze kukosea. Walimtaja anayeitwa kwa jina refu, pamoja na ukoo wake. Mwingereza John Carrington, mmisionari aliyeishi miaka mingi Yakusu na Yalemba, aliandika kitabu juu ya mambo hayo mwaka 1949. Alieleza kwamba urefu ule si porojo. Ndio unaolinda maana isipotee njiani.

Tazama basi: babu zetu walikwisha kujua kuongoza watu kwa mbali. Walijua kwamba kadiri msikilizaji alivyo mbali, ndivyo neno linavyopaswa kuwa refu. Sisi tuna redio na vioo, na tunajibizana kwa neno moja.

Kwa hiyo nakuomba, wewe fundi na wewe mwendeshaji, mshike mambo haya manne:

1. Jitaje wewe ni nani, uko wapi, na unataka nini. Usiseme «simamisha mbili». Sema: «Hapa fundi, lango la kaskazini. Naomba usimamishe mashine namba mbili. Mimi bado niko nje.»

2. Anayesikia arudie yote. «Nimesikia. Fundi yuko nje ya lango la kaskazini. Nimesimamisha mashine namba mbili.» Akikujibu «sawa» tu, mwambie arudie. Si kumdharau. Ni kumsaidia asije akabeba damu yako moyoni maisha yake yote.

3. Hata baada ya maneno, weka kufuli yako mwenyewe mahali pa kukatia nguvu, na ufunguo ukae mfukoni mwako. Kisha jaribu kuwasha. Ikikataa, ndipo ushike spana.

4. Ukimaliza, hesabuni watu. Kila mtu aondoe kufuli yake kwa mkono wake. Usimwondolee mwenzako, hata kama unafikiri amekwisha toka.

Sasa neno kwa nyumba zetu. Mama, usikubali jirani akuambie kwamba mume wako anacheza. Mtu anayekaa saa nyingi macho kwenye kioo hachoki mikono. Anachoka macho, mgongo na akili. Akili iliyochoka ndiyo inayosikia «imesimama» mahali pa «simamisha». Akitoka zamu ya usiku, alale mchana. Funga pazia, watoto wacheze mbali, wageni wangoje. Usingizi wa baba ni kofia ya fundi aliye chini.

Na simu, jamani! Mtoto ana homa Basoko, mara moja tunampigia baba akiwa zamuni. Moyo wake unakwenda Basoko, na mashine inabaki bila mtu, ingawa yeye ameketi palepale. Kama habari ni nzito, mpigieni mkubwa wa zamu. Yeye atamwondoa kwenye kiti, ataweka mwingine, ndipo baba aambiwe. Kama habari si nzito, ingoje mwisho wa zamu.

Na wakubwa wetu wa kazi nao wasikie. Mtu mmoja asipewe mashine nyingi kuliko anavyoweza kuangalia, na hesabu hiyo ifanywe pamoja na watu wa kwenye viti na kamati ya usalama. Redio inayokwaruza itengenezwe leo, si mwezi ujao. Siku hizi redio ni sehemu ya breki. Na viti hivyo vipya wafundishwe kwanza wale waliokwisha fanya kazi chini. Wengi wanaogopa kwamba mashine itawafukuza, na hofu hiyo si upumbavu, kwa maana penye madereva wengi sasa anatakiwa mmoja. Lakini aliyewahi kukanyaga njia ile kwa miguu yake anajua kwamba ile alama ndogo kwenye kioo ni mtu. Ujuzi huo usitupwe.

Siku ya kuondoka, mjomba alinisindikiza mpaka bandarini. Mtumbwi wa mota ulipowashwa, aliniambia: «Mwanangu, ukifika, uniambie umefika.» Nikamjibu: «Sawa, mjomba.» Akanitazama, akangoja.

Nikacheka, nikasema tena: «Nikifika, nitakupigia simu jioni hiyohiyo, nikuambie nimefika salama.»

«Hapo nimesikia,» akasema.

Wewe pia, ndugu, kesho ukiwa langoni, sema neno zima. Na ungoje lirudi.