Mizigo ya Mlimani Ipunguzwe

Mwaka jana tulipoupanda Mlima Kenya kwa njia ya Naro Moru, begi langu lilikuwa na longi mbili za jinzi, blanketi la bweni, mikebe sita ya maharagwe na, msinicheke, kitabu cha Hisabati. Vyote vilikuwa kwenye orodha tuliyopewa, isipokuwa hicho kitabu. Orodha hiyo haifai.

Juu ya kituo cha Met, mita 3,050, mvua ilitukuta kwenye matope. Jinzi ikilowa huwa nzito ajabu na haina joto hata chembe, ilhali sufu hukusitiri japo imelowa. Mwenzetu mmoja aliteremshwa akitetemeka. Kilele cha Lenana, mita 4,985, hakukiona. Naye si mnyonge, ndiye kinara wetu wa mbio za nyika!

Ati mzigo mzito hukomaza mtu! Mwaka wa 1955 huko Marekani, Emma Gatewood, nyanya wa miaka 67, aliikamilisha njia ya Appalachian, zaidi ya kilomita 3,200, akiwa na mfuko aliojishonea, raba miguuni na pazia la bafu la kujikinga mvua. Nani wa kumkomaza huyo?

Sisemi twende mikono mitupu, la hasha. Koti la mvua, sweta ya sufu na soksi kavu havibaki nyumbani. Mikebe ndiyo ibaki, tubebe unga na omena.

Mizani ya kupimia mahindi iko stoo. Kabla ya safari ijayo kila begi lipimwe, hata la mwalimu.