‘Run’ si kukimbia tu

Mpe mwanafunzi wa Makutano, pale Meru mjini, sentensi hii atafsiri: “I ran into my teacher at the stage.” Mmoja ataandika kuwa alimkimbilia mwalimu stejini. Mwingine atasema alimgonga. Kumbe maana ni nyepesi tu: alikutana naye, tena bila kutarajia.

Hiyo ndiyo shida ya ‘run’. Ni neno la herufi tatu, unafunzwa ukiwa mdogo, halafu linakungoja Kidato cha Nne likiwa limebadilisha sura. Mwaka 2011 iliripotiwa kuwa wahariri wa kamusi ya Kiingereza ya Oxford wamehesabu maana 645 za kitenzi hicho. “Run a shop” ni kuendesha duka. “Run for MCA” ni kugombea. Aliye “run over” amegongwa na gari. Na pua ‘iki-run’, hakuna mbio hapo, ni mafua. Hata ukimaliza shule hujaponea: tangazo la kazi linalotaja “run errands” halitafuti mwanariadha, linatafuta mtu wa kutumwa.

Kukariri zote hizo ni kazi bure. Dawa iko kwenye kitabu kingine ndani ya begi lilo hilo. Kiswahili pia hubadilisha maana ya kitenzi kimoja, ila chenyewe hutumia viambishi. Chukua ‘kuta’. Unamkuta mtu nyumbani. Mnakutana njiani. Rafiki anawakutanisha. Barabara nazo zikikutana, tunapata makutano, jina la mtaa wenyewe. Chukua pia ‘isha’: unga umeisha, nimeishiwa na unga. Mwingereza hana ‘-iwa’, kwa hivyo anasema ame“run out of” unga.

Katika KCSE, karatasi ya pili ya Kiingereza hupima vitenzi vya aina hii, na karatasi ya pili ya Kiswahili hupima mnyambuliko. Mtahiniwa ni yule yule, lakini ni nani humwambia kuwa maswali hayo mawili ni ndugu? Badala yake, kuna shule ambako akinaswa akiongea Kiswahili au Kimeru siku ya Kiingereza, anaadhibiwa. Tunamnyang’anya ngazi, kisha tunamlaumu kwa kutofika juu.

Walimu wa lugha hizi mbili waketi meza moja na kufundisha mada hii pamoja. Haihitaji bajeti wala mtaala mpya.

Nawe mwanafunzi, ukipatana na ‘run’, usikimbilie kuuliza maana yake. Tazama kwanza imeandamana na maneno gani, kisha ujiulize Kiswahili kingetumia kitenzi kipi hapo. Andika sentensi nzima daftarini, zote mbili, moja kando ya nyingine. Sentensi haisahauliki haraka kama orodha.