Udhamini wa Mke Aendaye Marekani

Mkono mtupu haulambwi, walinena wahenga. Ndivyo isemavyo sheria ya Marekani kwa mume aliyeko huko amwitaye mkewe kutoka Kamembe, wilayani Rusizi, iliyokuwa Cyangugu. Cheti cha ndoa pekee hakimpatii mke kadi ya kijani.

Tangu Desemba 1997, mume hutia sahihi fomu I-864, akiahidi kumkimu mkewe. Kipato chake sharti kifikie asilimia 125 ya kiwango cha umaskini kitangazwacho kila mwaka, kwa kuhesabu watu wote awatunzao. Askari aliye kazini katika jeshi la Marekani amepunguziwa: amwombeapo mke au mtoto, asilimia 100 yatosha.

Kipato kikipungua, mali huziba pengo, hata nyumba ya mke iliyoko Kamembe, mradi iweze kugeuzwa fedha katika mwaka mmoja. Mume akiwa raia, mali hiyo, baada ya kutoa madeni, iwe mara tatu ya pengo: dola 4,000 zikipungua, zatakiwa 12,000. Ama apatikane mdhamini wa pili, raia au mkazi wa kudumu, aishiye Marekani.

Lakini jamaa asitie sahihi kwa kuona haya tu. Talaka haifuti ahadi hiyo. Hudumu hadi mke apate uraia, ahesabiwe robo-mwaka 40 za kazi, aihame Marekani na kuacha ukazi wake, au mmoja wao afariki. Basi hesabu itangulie, kalamu ifuate.